Gari la Safari Ndefu na Mzigo Mzito: Pima Kwanza, Nunua Baadaye



Somo la mwezi huu ni juu ya gari. Hatusemi gari la kwendea arusini, bali gari la kuchukua mzigo mzito na kwenda nao mbali, huko ambako hakuna lami wala karakana, na ukipita kituo kimoja cha mafuta huwezi kujua kingine utakipata saa ngapi. Tutachukua mfano wa safari ya Hulugho, katika Kaunti ya Garissa, karibu na mpaka wa Somalia. Aliyejifunza kuchagua gari la kwenda Hulugho ataweza kuchagua gari la kwenda popote.

Yafaa somo hili lisomwe mbele ya kikundi kizima, wala si na mwenyekiti peke yake. Kikundi cha skimu kikisha kuuza mavuno mawili matatu, neno la gari huanza kusikika mkutanoni. Mmoja husema, "Tununue pikapu, ina nguvu." Wa pili husema, "La, tununue lori, hubeba mengi." Wa tatu amekwisha kuona gari jekundu mjini na moyo wake umelala huko. Wote watatu wamesahau jambo moja: hakuna aliyetaja mzigo wenyewe ni kilo ngapi.

Kikundi kikikosea kununua jembe, hasara ni ya jembe. Kikikosea kununua gari, hasara ni ya akiba ya nyumba zote zilizochanga, na kama fedha zilikopwa, mkopo haungoji springi ipone. Tena liko jambo kubwa kuliko fedha. Gari likivunjika katika nchi kavu, watu waliomo hubaki na maji waliyobeba, basi.

Kwa hiyo shika kanuni hii, ndiyo somo zima:

MZIGO KWANZA, NJIA PILI, FUNDI TATU.

Nguvu ya injini, rangi, na maneno ya mwuzaji hufuata nyuma ya hayo matatu.

1. IJUE SAFARI YAKO

Kutoka Garissa watu huteremka kusini kwa Bura na Masalani, wakapita Ijara, ndipo wakafika Hulugho. Katika nchi hii utakuta mchanga unaozamisha tairi, utakuta udongo mweusi wa mfinyanzi, utakuta miiba iliyosongamana hadi ukingoni mwa njia, na utakuta malaga, yaani mito ya msimu ambayo asubuhi ni mchanga mtupu na jioni ni maji ya kifuani.

Majira nayo yana amri yake. Wenyeji wa Kisomali huziita mvua za katikati ya mwaka, tangu mwezi wa Aprili hivi, gu. Zile za Oktoba hadi Desemba huziita deyr. Kiangazi kikali cha mwanzo wa mwaka ni jilaal, na hapo ndipo wafugaji huhitaji sana majani makavu na mahindi. Mkulima mwenye maji ya skimu huweza kuwa na vyote viwili. Basi biashara ipo, na njia nayo wakati huo ni kavu. Anayetaka faida na salama apange safari zake katika kiangazi.

Usidhani kwamba gari zuri huishinda mvua. Mwishoni mwa mwaka 2006 mvua kubwa zilifurika nchi ya Garissa na Ijara, na homa ya Bonde la Ufa ikawapata watu na mifugo. Waganga na madaktari wa mifugo walihitajika upesi, lakini njia nyingi zilikuwa chini ya maji. Tena Novemba 2023 maji ya Tana yaliikata barabara kuu ya Nairobi na Garissa karibu na Madogo, na hiyo ni barabara ya lami. Kama maji yaweza kufunga barabara kuu, njia ya porini haina la kusema. Gari huchaguliwa kwa siku zinazopitika, na siku zisizopitika hukaa nyumbani.

Ujenzi wa lami kati ya Lamu, Ijara na Garissa katika mpango wa LAPSSET ni baraka kwa nchi hii. Lakini kumbuka kwamba gari hupimwa kwa kipande kibaya cha safari, si kwa kipande kizuri. Kilomita 5 za matope zaweza kuzishinda kilomita 200 za lami.

2. PIMA MZIGO KWA KILO

Chukua karatasi na kalamu. Tufanye hesabu ya kikundi kinachotaka kupeleka mahindi na majani makavu. Tuseme mwendo wa kwenda ni kilomita 250, na kurudi vilevile, jumla kilomita 500. Safari nzima tuipe siku 4, na watu ni 3: dereva, msaidizi wake, na mwakilishi wa kikundi.

Mahindi magunia 20, kila gunia kilo 90: kilo 1,800.

Majani makavu robota 30, kila robota kilo 15: kilo 450.

Maji. Kila mtu lita 5 kwa siku za kunywa na kupikia, watu 3, siku 4, ni lita 60. Ongeza lita 20 kwa ajili ya injini. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi ni kilo 80.

Dizeli. Lori dogo lenye mzigo katika njia mbaya tulihesabie kilomita 4 kwa lita. Kilomita 500 ni lita 125. Ongeza theluthi moja ya akiba, kwa kuwa mchanga hunywa mafuta na njia huweza kufungwa ukazunguka. Jumla ni lita 167. Lita ya dizeli ni nyepesi kuliko ya maji, karibu gramu 840, basi ni kilo 140.

Watu 3, kila mmoja kilo 75: kilo 225.

Tairi mbili za akiba, jeki, spana, sepetu, mbao, kamba, turubai na sufuria: kilo 150.

Jumla ya yote ni kilo 2,845.

Tazama vizuri hesabu hiyo. Mali ya kuuza ni kilo 2,250. Zile kilo 595 nyingine haziuzwi, nazo ni zaidi ya uzito wa magunia sita ya mahindi. Wengi hupima magunia tu wakasahau watu, maji, mafuta na vyombo. Halafu gari likilegea nyuma husema limerogwa. Halikurogwa. Limezidishiwa.

Ongeza kanuni moja zaidi. Uwezo wa gari huandikwa kwa barabara nzuri. Katika njia ya mashimo kila shimo huurusha mzigo juu na kuuangusha chini, na wakati wa kuanguka springi hupokea kishindo kinachozidi uzito wenyewe. Kwa hiyo katika njia mbaya usijaze zaidi ya sehemu nne katika tano za uwezo wa gari. Mzigo wetu wa kilo 2,845 wataka gari lenye uwezo wa kilo 3,556. Andika tarakimu hiyo kubwa juu ya karatasi, nenda nayo dukani.

3. SOMA KIBATI, USISOME USO WA MWUZAJI

Kila gari la mzigo lina kibati cha chuma kilichopigiliwa na kiwanda, mara nyingi mlangoni au karibu na injini. Humo na katika kitabu cha gari utapata tarakimu mbili za kutafuta: uzito wote unaoruhusiwa, na uzito wa gari likiwa tupu. Toa ya pili katika ya kwanza. Kinachobaki ndicho mzigo, na watu wamo ndani yake.

Hapa pana mtego ambao huwanasa wengi. Malori mengi huuzwa yakiwa chesisi na kabini tu, bila sanduku la nyuma. Tuseme lori limeruhusiwa uzito wote wa kilo 7,500, na chesisi pamoja na kabini ni kilo 2,700. Zabaki kilo 4,800, na mwuzaji atakuambia, "Hili ni la tani nne na zaidi." Lakini ukitengenezesha sanduku la chuma na mbao la kilo 1,000, zabaki kilo 3,800. Chukua sehemu nne katika tano: kilo 3,040. Mzigo wetu wa kilo 2,845 unaingia, na nafasi iliyobaki ni kilo 195 tu. Basi lori lile lile la "tani nne na zaidi" katika njia ya Hulugho ni lori la tani tatu.

Sasa pima pikapu. Pikapu ya Toyota Land Cruiser yenye kabini moja, ambayo ni mashuhuri sana katika kaskazini mashariki yote, hubeba karibu tani moja. Sehemu nne katika tano ni kilo 800. Pikapu hunywa mafuta kidogo kuliko lori. Tukiipa kilomita 5 kwa lita, pamoja na akiba yake ni karibu lita 133, yaani kilo 112. Ongeza maji 80, watu 225, vyombo 150. Jumla ni kilo 567, kabla ya kupakia punje moja ya mahindi. Zabaki kilo 233, nazo ni magunia mawili na nusu.

Huenda mtu akasema, "Mbona twaona pikapu zikipita zimejaa hadi juu ya kabini?" Ni kweli, zinapita. Lakini uliza pia habari za springi zilizokatika, ekseli zilizopinda, na tairi zilizopasuka. Gharama hizo hazionekani siku ya kupakia. Huja baadaye, na huja katikati ya pori.

Hii si kusema pikapu ni mbaya. Kwa kazi ya kupeleka watu wawili, dawa za mifugo na sanduku la barafu mahali pabaya, hakuna kinachoipita. Kwa magunia 20 si kazi yake.

4. TAZAMA NJIA ITASEMA NINI NA TAIRI

Mchanga wataka tairi pana na laini. Ukipunguza upepo, tairi hutandaza uso wake juu ya mchanga kama mguu wa ngamia, na gari halizami upesi. Dereva mwenye busara hupunguza upepo kidogo kidogo, hutembea polepole, na akifika penye njia ngumu huujaza tena. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa kwenye njia ngumu hupata joto na kupasuka. Kwa hiyo kipimo cha upepo na pampu ni vyombo vya lazima kama jeki.

Udongo mweusi ni shauri jingine. Ukiwa mkavu ni mgumu kama sakafu. Ukilowa hushika tairi kama ugali, hujaza mistari yake yote, na tairi huwa gogo laini linalozunguka pale pale. Tairi mbili mbili za nyuma, kama zilivyo katika malori mengi, ni nzuri kwa kubeba uzito. Lakini katika matope udongo huganda katikati ya hizo mbili, na katika njia ya mawe jiwe huweza kubanwa humo na kukata tairi. Ndiyo sababu malori mengi ya jeshi huwekewa tairi moja moja kubwa nyuma, ili ya nyuma zipite katika alama ya zile za mbele.

Je, gari la kusukumwa na magurudumu yote manne? Litakusaidia kuanza katika mchanga, kupanda ukingo wa laga, na kutoka katika matope yasiyo na kina. Likiwa na gia nzito ya ziada, laweza kutembea polepole sana bila kuunguza klachi. Hayo ni mambo makubwa. Lakini haliongezi hata kilo moja katika uwezo wa kubeba. Kinyume chake, vyuma vyake vya ziada ni vizito, huliongezea gari uzito wake mwenyewe na huongeza kiu ya mafuta. Tena mjinga akipewa gari hilo huingia nalo ndani zaidi kabla ya kunasa, na kulitoa huwa kazi maradufu.

5. HABARI YA JANGWA LA LIBYA

Mambo haya yalikwisha kujaribiwa mahali pagumu kuliko Hulugho. Mwaka 1940, wakati wa vita vikuu vya pili, ofisa mmoja wa Kiingereza, Ralph Bagnold, aliunda kikosi cha kusafiri katika jangwa la Misri na Libya, nyuma ya majeshi ya adui. Bagnold alikuwa amelizoea jangwa hilo tangu miaka ya 1920 kwa safari zake mwenyewe za motokaa. Kikosi chake kilipaswa kubeba maji, petroli, chakula na silaha za majuma mengi.

Wengi wangedhani alichagua magari yenye nguvu kuliko yote. Sivyo. Malori yake mengi ya kwanza yalikuwa Chevrolet za kawaida za tani moja na nusu, zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Aliyavua milango na vioo vya mbele ili kupunguza uzito na kurahisisha kazi. Tairi zilipunguzwa upepo penye mchanga laini. Kila lori lilibeba mabamba ya chuma na mikeka ya turubai ya kutandikwa chini ya magurudumu likinasa. Rejeta ilifungiwa mpira hadi kwenye kopo la maji, ili mvuke urudi kuwa maji badala ya kupotea hewani.

Mwaka 1941 kikosi kilipewa Ford za kusukumwa na magurudumu manne. Zilikuwa na nguvu, lakini zilikuwa nzito na zilikunywa petroli nyingi mno. Mwaka 1942 walirudia Chevrolet za magurudumu mawili. Sababu si ngumu kuiona. Gari linalokunywa sana hutaka kubeba mafuta mengi. Mafuta mengi ni uzito, na uzito hutaka mafuta mengine tena. Ni kama kuajiri mchukuzi ambaye hula nusu ya mzigo njiani.

6. FUNDI NA SPEA

Sasa tumefika neno la tatu. Kabla ya kununua uliza: Gari hili likiharibika Masalani, yuko fundi anayelijua? Kichujio cha mafuta, mkanda wa feni, springi na bearingi hupatikana Garissa, au mpaka Nairobi?

Gari likiwa geni katika nchi, hata likiwa zuri namna gani, ni yatima. Tazama yaliyojaa katika njia unayotaka kwenda. Kama wafanyabiashara na watu wa serikali wote wanatumia aina mbili tatu, si kwa mapenzi tu. Hapo ndipo spea zilipo, na hapo ndipo mafundi walipojifunzia kazi. Malori ya Isuzu huunganishwa Nairobi, na mafundi wengi nchini wameyazoea. Land Cruiser za namba 70 zilianza kutengenezwa mwaka 1984, na umbo lake halikubadilika sana kwa miaka mingi, hivyo spea za gari kuukuu na jipya mara nyingi hukaribiana. Kinyume chake, Land Rover ya zamani iliyoonyeshwa kwanza mwaka 1948, na kusifiwa Afrika nzima, iliacha kutengenezwa mwezi wa Januari 2016. Nyingi bado zinatembea, lakini anayenunua leo ajue ananunua gari ambalo kiwanda chake kimegeukia mengine.

Jambo jingine ni injini. Injini za dizeli za zamani, kama ile ya Toyota ya lita 4.2 yenye silinda 6 isiyo na taba, hazina mambo mengi ya umeme. Fundi mwenye spana na akili huweza kuzitengeneza chini ya mti. Injini mpya nyingi huamrishwa na kompyuta. Zina nguvu na hutumia mafuta kidogo, lakini zikigoma hutaka mashine ya kusoma ugonjwa wao, nazo hazivumilii mafuta machafu. Dizeli iliyokaa katika pipa lenye kutu na maji huziua pampu na nozeli zake. Ukiwa na gari la namna hiyo, chuja mafuta kwa chujio safi kila mara, na beba vichujio vya akiba.

Ukinunua gari kuukuu, nenda na fundi wako, si fundi wa mwuzaji. Aingie chini atazame chesisi kama imeungwa kwa moto. Linganisha namba ya chesisi na cheti cha umiliki, na uhakikishe kwa NTSA kabla ya kutoa fedha. Haraka ya siku moja yaweza kuleta kesi ya miaka mitatu.

7. TREKTA NA NGAMIA

Wengine katika skimu watasema, "Trekta tunalo, na tela tunalo. Kwa nini tununue lori?" Trekta ni chombo chema kutoka shambani hadi ghalani. Katika safari ya kilomita 250 ni taabu. Huenda polepole, hula mafuta mengi kwa saa, halina kivuli cha kutosha kwa watu, na tela lisilo na breki huweza kulisukuma kombo penye mteremko wa laga. Tena wakati trekta likiwa Hulugho, nani atalima?

Ngamia msimdharau. Ngamia wa mzigo huchukua kilo 150 hadi 200, hahitaji dizeli, na hupita mahali ambapo lori hugeuka. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba za Taifa ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kutoka Garissa, kwa sababu magari hayakuweza kuwafikia wafugaji wote. Kwa kikundi chetu mafunzo ni haya: lori si lazima lifike mlango wa kila mteja. Lifike penye njia nzuri ya mwisho, na wenye ngamia au mikokoteni ya punda wamalizie. Njia ya namna hiyo huliokoa lori, na huwapa wenyeji kazi.

8. KUPAKIA

Gari jema laweza kuuawa na upakiaji mbaya. Vitu vizito, kama mahindi na mapipa, vikae chini kabisa na mbele ya ekseli ya nyuma. Vyepesi, kama majani makavu, vikae juu. Uzito ukilundikwa nyuma ya ekseli, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani haushiki njia. Uzito ukiwekwa juu sana, gari hupinduka penye ukingo.

Maji yagawanywe katika mitungi mingi. Pipa moja likitoboka safari imekwisha, lakini mtungi mmoja kati ya minne ukitoboka watu wataishi. Mitungi ya mafuta isikae karibu na chakula, na kila mtungi uwe na alama yake. Funga mzigo kwa kamba, tembea kilomita 10, kisha simama ukaze tena, kwa kuwa mzigo mpya hujipanga wenyewe ukalegeza kamba.

Jeki uweke juu ya kipande cha mbao pana, kwa sababu katika mchanga jeki huzama badala ya gari kuinuka. Sepetu liwe mahali ambapo mkono utalifikia bila kupakua gunia hata moja.

Kabla ya kuondoka, mwulize chifu na polisi habari za njia. Hulugho ni nchi ya mpakani, na upande wa msitu wa Boni umekuwa na mashaka ya usalama kwa miaka mingi. Wakikuambia ngojea, ngojea. Wakikuambia fuatana na wengine, fuatana nao. Mwachie mtu wa nyumbani karatasi yenye njia mtakayopita na siku ya kurudi, ili asiyewaona ajue pa kutafuta.

9. KUNUNUA AU KUKODI

Mwisho, rudini kwenye karatasi yenu mwulizane: Kwa mwaka tutakwenda safari ngapi? Kama ni nne tu, huenda ikawa nafuu kukodi lori la mwenye kazi hiyo, ambaye dereva wake ameijua njia. Gari lililosimama nalo hula. Tairi huoza juani, betri hufa, bima na mkopo hulipwa kila mwezi hata pasipo mzigo. Lakini kama mna mzigo wa kwenda na mzigo wa kurudi, kwa majuma mengi ya mwaka, hapo gari lenu wenyewe laweza kuwalipa. Kodini kwanza kwa msimu mmoja, mwandike kila lita na kila shilingi. Daftari hilo ndilo litakalowaambia mnunue nini, au msinunue.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kikundi chataka kupeleka magunia 10 ya mahindi, na vitu visivyouzwa ni kilo 580. Jumla ya mzigo ni kilo ngapi? Wataka gari la uwezo gani katika njia mbaya?

2. Lori limeruhusiwa uzito wote wa kilo 6,500. Chesisi na kabini ni kilo 2,500, na sanduku ni kilo 800. Katika njia mbaya libebe kilo ngapi?

3. Kwa nini gari la magurudumu manne si jawabu la mzigo uliozidi?

4. Taja sababu mbili za kugawa maji katika mitungi mingi badala ya pipa moja.

Majibu ya hesabu: swali la 1, kilo 1,480, na gari la uwezo wa kilo 1,850, swali la 2, kilo 2,560.

Mwanakikundi akishindwa maswali haya, asilaumiwe, asomewe tena. Lakini kikundi kisitoe hata shilingi moja ya gari mpaka katibu amesimama mkutanoni akasoma tarakimu tatu: kilo za mzigo, kilomita za njia, na mahali alipo fundi. Wanachama wakizisikia hizo tatu na kuzikubali, basi nendeni mkachague na rangi.